Kipimo cha Fosfeti cha Hanna HI713: Miezi Minane Pembeni mwa Tangi la Samaki wa Tanganyika

Kwa miezi minane sasa nimekuwa nikipima fosfeti, kirutubishi kinacholisha mwani, katika tangi langu la samaki kwa kifaa kidogo cha kielektroniki kinachoitwa Hanna Checker HI713, na ningependa msomaji aujue msimamo wangu tangu mwanzo: kifaa hiki ni kizuri, na ninakipendekeza kwa kila mfugaji wa samaki wa maji baridi anayehangaika na mwani usiokwisha bila kujua unalishwa na nini. Sharti langu ni moja. Kinamfaa mtu aliye tayari kupima kwa utaratibu uleule kila wiki, kuandika anachokisoma na kukilinganisha na cha wiki iliyopita, kwa sababu namba moja peke yake haisemi mengi. Ni mfululizo wa namba ndio unaoonyesha fosfeti inatoka wapi.

Tangi langu lina urefu wa sentimita 120, upana wa 50 na kina cha 50, yaani lita 300 likijazwa hadi ukingoni, na lipo sebuleni kwangu Dar es Salaam, ambako maji yake hubaki kwenye nyuzi 27 hadi 29 bila kuhitaji hita. Ndani yake wanaishi samaki kumi na wanane wa aina ya Tropheus duboisi kutoka Ziwa Tanganyika. Wadogo wao ni weusi wenye madoa meupe mwili mzima, mithili ya kanga wa porini, na wanapokomaa madoa hufutika, kichwa kikawa cha buluu na kiwiliwili kikazungukwa na mkanda mweupe au wa manjano. Kazi yao kutwa ni kukwangua mwani juu ya mawe kwa midomo iliyoumbwa kwa kazi hiyo. Wakilishwa vyakula vya nyama kwa wingi huvimba matumbo na kufa, ndiyo maana mimi huwapa chakula kikavu cha spirulina.

Nimeyataja haya kwa sababu yanahusu fosfeti moja kwa moja. Ziwa Tanganyika lina kina kinachofikia mita 1,470, na maji yake ya juu na ya vilindini hayachanganyiki kikamilifu hata mara moja kwa mwaka. Fosfeti na virutubishi vingine vinavyozama pamoja na mabaki ya viumbe hukusanyika chini kusikokuwa na oksijeni, na ni upepo wa kusi, unaovuma kati ya Mei na Septemba, unaosukuma maji ya juu na kuruhusu sehemu ya virutubishi hivyo kupanda, hasa upande wa kusini wa ziwa. Maji ya kandokando ya miamba wanakoishi Tropheus ni maangavu na yana fosfeti kidogo sana. Mwani upo juu ya mawe, lakini ni mfupi kama nywele zilizonyolewa jana, kwa kuwa kinachoota leo huliwa leo. Sebuleni mambo huenda kinyume: maji ni machache, samaki ni wengi, chakula hutoka kwenye kopo, na fosfeti ikishaingia hubaki humohumo mpaka mwenye tangi aitoe.

Mwaka jana tangi hili lilianza kunishinda. Nilikuwa nikisafisha vioo Jumamosi, na kufika Jumatano vimeshageuka kijani tena; kisha juu ya mchanga ukatanda utando laini wa rangi ya kijani iliyochanganyika na buluu, unaoinuka kama shuka ukiuvuta na wenye harufu ya udongo uliovunda. Utando huo si mwani wa kawaida, ni bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga, na baadhi ya jamii zao huweza kujitwalia naitrojeni iliyoyeyuka kutoka hewani, hivyo fosfeti ikiwapo hawapungukiwi na kitu. Kipimo nilichokuwa nacho wakati huo kilikuwa cha matone na kadi ya rangi. Mchana karibu na dirisha nilisoma 0.5, usiku chini ya taa nyeupe maji yaleyale nikayasoma 1.0, binti yangu, ambaye macho yake ni mazuri kuliko yangu, akasema, "Baba, hiyo ni 2.0, angalia vizuri." Kwa tofauti ya namna hiyo haiwezekani kujua kama hatua uliyochukua imesaidia au imeharibu. Kwa ushauri wa duka moja nikamwaga dawa ya kuua mwani. Mwani ulikufa kweli, ukaozea ndani ya tangi, fosfeti yote iliyokuwa mwilini mwake ikarudi majini, na wiki mbili baadaye utando ukawa mkubwa kuliko mwanzo.

HI713 inaliondoa jicho katika kazi hii. Kemia inayotumika ni ya siku nyingi: mwaka 1962 wanakemia J. Murphy na J. P. Riley walichapisha njia ya kupima fosfeti majini kwa molibdeti na asidi askobiki, ambayo ndiyo vitamini C, na kwa njia hiyo fosfeti hutoa rangi ya buluu inayokolea kadiri fosfeti inavyokuwa nyingi. Hanna, watengenezaji wa kifaa hiki, wameifuata njia hiyo, na ndani ya kifaa kinachoenea kiganjani wameweka taa ndogo ya LED na kihisi cha mwanga. Taa humulika kichupa cha maji, kihisi hupima mwanga uliofanikiwa kupenya, na jibu hutokea kwenye kioo kwa miligramu za fosfeti kwa lita, kipimo ambacho nitakitumia kwa namba zote katika maelezo haya. Kifaa husoma kuanzia 0.00 hadi 2.50. Kinatumia betri moja ndogo ya AAA, kwa hiyo umeme ukikatika kazi haisimami.

Upimaji wenyewe, nikihesabu na kuosha, hunichukua kama dakika kumi. Unajaza kichupa mililita 10 za maji ya tangi, unakifuta, unakiweka kwenye tundu lake na kubonyeza kitufe. Kifaa kinasoma maji hayo bila dawa na kuyachukua kuwa ndiyo sifuri yake. Kisha unakitoa, unamimina unga wa kitendanishi, yaani dawa inayotoa ile rangi ya buluu, kutoka kwenye kifuko kimoja, unafunika na kukitikisa polepole kwa dakika mbili hadi unga uyeyuke wote. Unakirudisha, unabonyeza kitufe na kukishikilia, na kifaa kinaanza kuhesabu dakika tatu kurudi nyuma kabla ya kutoa jibu. Hatua ni chache, lakini kila moja ina mahali pa kukosea, na nimekosea katika karibu zote. Unga hujificha kwenye pembe za kifuko, kwa hiyo nimejifunza kukikata upande mzima wa juu, kukikunja kiwe kama mfereji na kukigongagonga kwa ukucha. Alama ya kidole kwenye kioo cha kichupa huzuia mwanga na kuongeza namba isiyokuwapo. Kitambaa cha kufutia miwani kimenisaidia kuliko karatasi ya jikoni, ambayo huacha nyuzi. Ukitikisa kwa nguvu, viputo vya hewa hushika ukutani mwa kichupa, na kila kiputo ni kizuizi cha mwanga. Mimi hutumia kichupa kilekile kimoja kwa sifuri na kwa jibu, na nimekiwekea doa dogo la rangi ya kucha kwenye shingo ili kiingie kikiwa kimeelekea upande uleule kila mara. Siku nilipoyazingatia haya yote nilipima maji ya ndoo moja mara nne mfululizo nikapata 1.58, 1.62, 1.60 na 1.63, na hapo ndipo nilipoanza kuamini ninachokisoma.

Kuhusu usahihi, mtengenezaji mwenyewe anatamka kwamba jibu linaweza kupishana na ukweli kwa 0.04, kuongeza asilimia 4 ya namba iliyosomwa. Maana yake ni hii: ukisoma 1.50, ukweli uko mahali fulani kati ya 1.40 na 1.60, jambo ambalo kwa tangi la maji baridi halina madhara yoyote. Lakini ukisoma 0.03, hujui kama fosfeti ipo au haipo kabisa. Wafugaji wa matumbawe ya baharini, ambao wengi wao hutaka maji yao yawe kati ya 0.03 na 0.10 kwa sababu fosfeti nyingi huzuia matumbawe kujenga mifupa yake ya chokaa, wasikinunue kifaa hiki. Kampuni hiyohiyo inawatengenezea HI774, inayoishia 0.90 na inayopishana kwa 0.02 na asilimia 5, na HI736, ambayo husoma fosforasi badala ya fosfeti, kwa mikrogramu kwa lita. Hapo kwenye HI736 watu wengi huteleza. Fosforasi ni elementi peke yake, na fosfeti ni fosforasi iliyobeba oksijeni, kwa hiyo namba ya fosforasi lazima izidishwe kwa 3.066 ndipo ilingane na ya fosfeti.

Siku ya kwanza kupima tangi langu, namba 2.50 ilitokea ikiwaka na kuzimika. Hiyo ndiyo lugha ya kifaa ya kusema kwamba fosfeti imezidi uwezo wake. Nikachukua sehemu moja ya maji ya tangi na sehemu tatu za maji ya betri, yaani yale maji yaliyotoneshwa yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta kwa ajili ya kuongezea betri za magari, wala si ile asidi inayouzwa kando yake. Mchanganyiko ulisoma 0.78, mara nne ni 3.12. Nilikaa chini. Nilikuwa nimeliendesha tangi kwa miezi mingi nikiamini kadi iliyoniambia 0.5.

Kuanzia hapo kifaa kikawa kazini kwelikweli, kwa sababu swali halikuwa tena kiasi gani, lilikuwa kutoka wapi. Nilianza na maji ya bomba, nikapata 0.04, ambayo kwa kifaa hiki ni sawa na kusema hakuna. (Msomaji aliyeko Uingereza asiruke hatua hii, kwani huko kampuni za maji huongeza fosfeti makusudi ili risasi isimomonyoke kutoka kwenye mabomba ya zamani, na anaweza kukuta kila anapobadilisha maji anaongeza tatizo.) Kisha nikayageukia makombe ya baharini yaliyokuwa ndani ya tangi.

Tropheus wanataka maji magumu, yaani yenye madini mengi, na yenye pH (kipimo cha uasidi) inayozidi 8.5, na njia ya bei nafuu ya kuyapata kwetu ni kuweka makombe yaliyosagwa ndani ya chujio na kwenye mchanga, kwa kuwa makombe ni kabonati ya kalisi na huyeyuka polepole. Mimi huyanunua kwenye duka la chakula cha kuku, ambako huuzwa kwa kilo ili kuku watage mayai yenye ganda gumu. Nilichukua gramu 50 za makombe yaliyobaki kwenye mfuko, nikaziloweka katika lita moja ya maji ya betri ndani ya chupa safi, na pembeni nikaweka chupa ya pili yenye maji ya betri matupu. Baada ya saa 24 nilipima zote mbili. Chupa tupu ilisoma 0.00. Ya makombe, 2.50 ikiwaka na kuzimika. Nilirudia nikidhani nimechafua kichupa. Jibu likawa lilelile, na rangi ya maji ilikuwa buluu iliyokoza kama wino ulioyeyushwa, ambayo hata kadi yangu ya zamani ingeiona.

Nilikwenda dukani na chupa mkononi. Nilipofika nyuma ya kaunta niliona mwenyewe: gunia la makombe, gunia la unga wa mifupa na gunia la DCP, ambayo ni fosfeti ya kalisi inayoongezwa kwenye chakula cha mifugo, yamesimama bega kwa bega midomo wazi, na kopo moja la bati ndilo linalochota kote. Unga mweupe ulikuwa umetanda juu ya magunia yote matatu. Muuzaji hakuficha lolote, wala hakuwa na sababu ya kuficha. "Kaka, hivyo vyote vinamjenga kuku mifupa," aliniambia, na kwa kuku alikuwa sahihi kabisa. Unga kidogo wa DCP kwenye makombe hauna hasara kwake. Mimi ndiye niliyekuwa nimechukua chakula cha kuku na kukiingiza kwenye tangi la samaki bila kuuliza. Nilinunua makombe mazima ambayo hayajasagwa, nikayasugua kwa brashi, nikayaponda kwa nyundo ndani ya mfuko wa turubai, nikayaloweka na kuyapima kama yale ya kwanza. Yalisoma 0.02. Makombe ya zamani niliyatoa robo kwa robo kwa wiki nne, ili bakteria wanaosafisha maji wanaoishi juu yake wasiondoke wote kwa mkupuo, na mapya yakaingia mahali pake.

Sijui kadi ya rangi ingenifikishaje hapo. Kadi ingeweza kuonyesha kwamba chupa ya makombe ni mbaya, lakini nisingefikiria kuipima, kwa sababu nisingejua kwamba tangi langu liko mara sita juu ya nilichokuwa nikikiamini.

Chakula nacho kilikuwa na sehemu yake, na hesabu yake ni rahisi kiasi kwamba nasikitika sikuifanya mapema. Lebo ya kopo langu inaonyesha kwamba fosforasi ni asilimia 1 ya chakula. Gramu moja ya chakula basi ina miligramu 10 za fosforasi, ambazo zikishakuwa fosfeti ni kama miligramu 31, na zikigawanywa kwa lita 300 zinatoa takriban 0.1. Niliweka kwenye mzani mdogo kile nilichokuwa nikikiita kidogo tu, kiasi cha kubana kwa vidole vitatu asubuhi na jioni, nikakuta ni gramu 3 kwa siku. Hiyo ni 0.3 kila siku na 2.1 kila wiki. Hata samaki wakibaki na nusu yake katika miili yao, nusu nyingine hutoka kama kinyesi na mkojo, na kubadilisha asilimia 40 ya maji kila wiki hutoa asilimia 40 tu ya kilichopo. Fosfeti hupanda mpaka pale asilimia 40 yake inapolingana na kinachoingia, ndipo husimama. Kwa ulishaji wangu hiyo ilikuwa karibu 2.6, hata kabla ya kuhesabu makombe. Nilipunguza chakula hadi gramu moja na nusu. Samaki hawakukonda. Walirudi kukwangua mawe siku nzima, kazi ambayo walikuwa wameiacha kwa shibe.

Baada ya wiki sita namba ilishuka hadi 1.62, kisha ikagoma. Nilibadilisha maji Jumamosi moja, ikawa 0.99, Jumanne ikawa 1.31. Jumamosi iliyofuata niliwafungisha samaki siku mbili, jambo ambalo Tropheus wazima hulistahimili bila shida, na Jumatatu nikapima tena: kutoka 0.98 ilikuwa imepanda hadi 1.16 bila chembe ya chakula kuingia. Sehemu ilitoka kwenye uchafu uliojificha chini ya mchanga, ambao niliunyonya kwa mpira, na sehemu ilitoka kwenye mawe. Mawe yangu ni ya chokaa, na chokaa hunasa fosfeti juu ya uso wake maji yanapokuwa nayo nyingi, kisha huiachia taratibu maji yanapopungukiwa. Mtu asiyelijua hili hubadilisha maji leo, akapima keshokutwa, akakata tamaa. Ukweli ni kwamba tangi linalipa deni la miezi ya nyuma, na deni hilo lina mwisho.

Ili kuliharakisha nilitumia punje za oksidi ya chuma, zile za rangi ya kutu, ambazo hushika fosfeti kwenye uso wake wenye vitundu vingi. Niliziosha mpaka maji yakaacha kuwa mekundu, nikazitia kwenye mfuko wa wavu ndani ya chujio na kupima kila siku tatu. Namba zilikwenda 0.99, 0.72, 0.55, 0.44, 0.43, kisha 0.51. Hiyo 0.51 ndiyo ishara kwamba punje zimeshiba na zinahitaji kutolewa, na bila kipimo cha kuaminika mtu huzitupa mapema mno au huziacha humo kwa miezi zikiwa hazifanyi kazi. Wapo wanaotumia kloridi ya lanthanamu, ambayo huigandisha fosfeti kuwa unga mwembamba. Mimi sijaithubutu, kwa kuwa unga huo usiponaswa na chujio lenye kitambaa kizito unaweza kuishia kwenye matamvua ya samaki.

Lengo langu si sifuri, na ningemwomba mwenye tangi lenye mimea au lenye samaki wanaokula mwani asilikimbilie. Fosfeti kwa kiwango cha majumbani haimuui samaki. Ni chakula cha mimea, na wafugaji wengi wa mimea ya majini huiongeza makusudi hadi kati ya 0.5 na 2. Nikiifuta kabisa, mawe yangu yatabaki meupe na Tropheus watakosa cha kukwangua. Nimeridhika na kati ya 0.35 na 0.50. Utando wa bakteria umetoweka, vioo vinakaa siku kumi bila kuguswa, na juu ya mawe umebaki ule mwani mfupi wa kijani.

Kuna mambo ambayo anayetaka kununua anapaswa kuyajua kabla. Kifaa hupima fosfeti iliyoyeyuka majini tu. Ile iliyo ndani ya mwani, kinyesi na mabaki ya chakula hakiioni, kwa hiyo tangi lililojaa mwani linaweza kusoma namba ndogo kwa sababu mwani umeshaimeza yote. Maji yenye vumbi lililoinuka hupotosha jibu, ndiyo maana huchota kabla sijagusa mchanga, na maelekezo yanaonya pia kuhusu silika nyingi, shaba, chuma na maji yanayopinga sana mabadiliko ya pH. Kwa onyo hilo la mwisho, kwa kuwa maji ya Tanganyika ni ya namna hiyo, kila baada ya miezi miwili hupima sampuli moja ikiwa kamili na nyingine ikiwa imezimuliwa nusu kwa maji ya betri; jibu la pili likiwa nusu ya la kwanza, najua mambo ni salama, na mpaka sasa limekuwa hivyo. Vichupa visioshwe kwa sabuni ya unga, kwani baadhi ya sabuni zina fosfeti. Vioshwe kwa maji ya betri na kukaushwa vikiwa vimeinamishwa. Maji yaliyotiwa kitendanishi yasirudishwe tangini.

Gharama kubwa iko kwenye vitendanishi. Kifaa chenyewe nje ya nchi huuzwa kati ya dola 50 na 70 za Marekani kutegemea duka, na huja na vichupa viwili, betri na vifuko vichache vya kuanzia. Baada ya hapo unanunua pakiti za HI713-25 zenye vifuko 25, na kwa anayepima mara moja kwa wiki pakiti moja ni nusu mwaka. Miezi ya kwanza ya uchunguzi inakula zaidi; mimi nilimaliza pakiti mbili kabla ya namba kutulia, kwa hiyo ningeshauri kuagiza mbili pamoja na kifaa. Sikukipata kwenye maduka ya samaki niliyoyapitia hapa mjini, nikamwagiza ndugu aliyekuwa akirudi kutoka Dubai. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi iliyochapwa kwenye pakiti kabla ya kulipa, na ukishafika nyumbani hifadhi vifuko kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, mbali na jiko, kwa kuwa unyevu wa pwani hugandisha unga. Kifuko ambacho unga wake umekuwa vidonge hakifai tena, hata kama tarehe bado.

Jumamosi iliyopita nilisoma 0.41. Vimebaki vifuko saba, na pakiti mpya iko njiani. Juzi nimeletewa kilo mbili za makombe mazima kutoka Bagamoyo. Gramu 50 zake zimelowekwa kwenye chupa iliyo dirishani tangu jana jioni, chupa ya maji matupu ikiwa pembeni yake, na leo baada ya magharibi nitazipima zote mbili kabla kombe hata moja halijaingia kwenye tangi.